Rangi ya Moto wa Mzee Kasimu

Siku niliyokabidhi ufunguo wa chumba cha boila, wenzangu wa kiwanda cha sabuni waliniletea soda na maandazi wakaniomba niseme neno. Nilisema asanteni, nikakaa chini. Mtu aliyezeeka kando ya feni ya kichomeo hajui kuhutubia. Amezoea mambo mawili tu, kupiga kelele au kunyamaza. Sasa niko nyumbani, mtaani Kinama, hakuna feni, na maneno yamenijia yakiwa yamechelewa. Nayaandika kwa ajili yenu mnaobaki na moto. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini. Boila haikuwahi kuniuliza.

Wengi wenu mmenijua mimi, Ramadhani, kama mtu aliyekuwapo pale tangu ukuta ulipojengwa. Si kweli. Kabla yangu alikuwapo Mzee Kasimu, na karibu kila mnachokiona mimi nikifanya kilikuwa chake. Alizaliwa mtaa wa Buyenzi, akajifunza ufundi kwenye gereji za magari, kisha akahamia kwenye mvuke akabaki huko. Alikuwa mrefu, mkimya, na kofia yake ya viua ilikuwa nyeupe hata katika chumba ambacho hakuna kitu kingine kilichobaki cheupe. Boila ikisumbua popote mjini, hospitali, kiwanda cha mikate au dobi wa hoteli kule Kinindo, watu walitumwa kumtafuta yeye. Alikwenda na bisibisi moja na tambara, akachungulia motoni, akageuza skrubu ya hewa kidogo, akanywa chai aliyopewa, akarudi.

Siku yangu ya kwanza sikugusa kitu. Alinitoa nje, akanikalisha juu ya tofali, akaniambia niangalie dohani.

“Unaona nini?”

“Mi sioni kitu, Muzee.”

“Angalia tena.”

Niliangalia mpaka shingo ikauma. “Sioni hata moshi.”

“Basi ndo kazi yenyewe iyo. Lakini usifurai mbio.” Akachuchumaa kando yangu. “Moshi mweusi ni mwizi mwenye kupiga kelele, kila mutu anamusikia. Hewa ikizidi, ule ni mwizi mwenye kuvua viatu. Dohani inabaki safi, patron mwenye kiwanda anafurai, na mazutu inaenda mbinguni bure.”

Kwa wale ambao mmeingia juzi, nieleze. Boila, au chaudière kama tunavyosema hapa mjini, ni pipa kubwa la chuma lililolala ubavu. Ndani yake kuna tanuru, na kulizunguka tanuru kuna maji. Kichomeo hupuliza mazutu, yaani mafuta ya dizeli, na hewa kwa pamoja. Hewa ikipungua, mazutu haiungui yote, na masizi yanajaa kwenye mabomba. Hewa ikizidi, ile ya ziada inapashwa moto bure na kutolewa nje kwa dohani. Kazi ya kuirekebisha boila ni kutafuta mahali pembamba katikati ya hasara hizo mbili, kisha kurudi kupatafuta tena baada ya muda, kwa sababu hapatulii.

Mzee Kasimu alipatafuta mahali hapo kwa jicho. Palikuwa na tundu dogo lenye kioo nyuma ya boila, na alinifundisha rangi kupitia tundu hilo. Moto wenye njaa ya hewa alisema una rangi ya mawese. Moto uliovimbiwa na hewa ni mfupi, unanguruma, na mweupe kama unga wa muhogo. Moto wa sawa una njano ya ndizi iliyoiva, ncha zake safi, na hauligusi tanuru ubavuni. “Mawese, ndizi, unga,” alikuwa akiniuliza ghafula tukiwa tunakula, “leo ni nini?” Nikikosea, ananirudisha kwenye tundu na wali wangu unapoa.

Alinifundisha pia kuogopa, na hilo ndilo lililonifikisha uzeeni. Moto ukizimika wenyewe, usiuwashe upesi. Acha feni ipulize tanuru mpaka harufu yote ya mazutu itoke, hata kama mkuu wa uzalishaji amesimama mlangoni akitazama saa yake. Yeye atasimama mlangoni. Wewe ndiye uliyesimama mbele ya tanuru. Fungua bomba la chini kila siku, litapike tope. Maji yetu ya ziwani yana chumvichumvi nyingi, na usipoyatibu yanaacha ukoko kwenye chuma kama ule wa chini ya sufuria ya wali, isipokuwa huu hauliki. Vuta mkono wa vali ya usalama ujue kama bado iko hai. Na kuliko yote, jua maji yako wapi.

Maji huonekana katika kijibomba cha kioo kilichosimama mbele ya boila. Hapo kuna mtego. Kioo kilichojaa maji mpaka juu na kioo kisicho na tone hufanana, vyote viwili ni vyeupe tu. Kwa hiyo Mzee Kasimu alikuwa amechora kwenye kibao cha nyuma mistari myeusi ya mshazari. Kukiwa na maji, mistari hugeuka na kuinamia upande wa pili. Maji yasipokuwapo, inabaki kama alivyoichora. Aliichora kwa mkono wake mwenyewe, kwa rangi aliyoiomba kwa mchora mabango wa Buyenzi, na alikuwa akijivunia mistari ile kuliko cheti chochote.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka mingi, yeye zamu moja na mimi nyingine, mpaka alipokuja Goreti.

Goreti alikuwa injinia kijana, aliyeletwa kupunguza mazutu tunayochoma. Alikuja kwa pikipiki yake, akavaa ovaroli, na siku ya kwanza akaingia kichwa na mabega katika mlango wa masizi. Alitoka mweusi, akacheka. Mzee Kasimu alimpenda kuanzia hapo. Msije mkafikiri hii ni hadithi ya msomi na fundi kugombana. Wale wawili walipendana kama baba na binti, na ndiyo sababu mambo yalikuwa magumu.

Goreti alikuwa na mashine ndogo ya kupima moshi. Ina mrija wa chuma. Unautia kwenye tundu la dohani, nayo inakuambia joto la moshi ni kiasi gani na hewa iliyobaki bila kutumika ni kiasi gani. Tuliitumia kurekebisha kichomeo polepole, moto mdogo, wa kati, mkubwa, tukiacha boila itulie kila mara. Tulipomaliza nilichungulia kwenye tundu. Ndizi. Mashine na somo la zamani vilikubaliana, nikafurahi kama mtu aliyepatanisha ndugu.

Lakini asubuhi Goreti alikuta skrubu ya hewa imefunguliwa na hewa ya ziada imepanda sana. Akairudisha. Kesho yake ikawa vilevile. Ilikuwa hivyo kila baada ya zamu ya Mzee Kasimu.

“Baba Kasimu,” alimwuliza mbele yetu, “ni we umefungua hewa?”

“Ni mi. Moto ilikuwa nyekundu kama mawese.”

“Mashine inasema ilikuwa sawa.”

“Mashine yako haina macho, mwanangu.”

“Lakini iko na pua,” Goreti akajibu, na sote tukacheka, Mzee Kasimu akicheka kuliko wote.

Nakumbuka kicheko kile na kinaniuma. Pale pale, katikati ya mzaha, jibu lilikuwa limeshasemwa na hakuna kati yetu watatu aliyelisikia. Nami nilikuwa nimeona mengine. Nilikuwa nimeona jinsi mzee anavyosubiri mtu aseme kwanza ndipo amjibu kwa jina. Nilikuwa nimezoea kusikia, “Rama, nisomee iyo geji, mi mikono iko chafu,” na kuisoma bila kutazama mikono yake. Mambo madogo ya kila siku yanapita mbele ya macho kama watu wa sokoni. Goreti alidhani mzee ana ukaidi. Mimi nilidhani mazutu ya siku hizi imeharibika, maana siku hizi kila kitu kibaya tunakisingizia mazutu.

Ikaja siku ambayo maji ya mjini yalikatika tangu asubuhi. Ilikuwa zamu ya Mzee Kasimu. Tangi letu la akiba lilipungua bila mtu kuambiwa, na pampu ya boila ikaanza kuzunguka bila kuvuta kitu. Ukiisikiliza kwa mbali ilikuwa inafanya kazi. Boya linalopaswa kuzima moto maji yakipungua lilikuwa limekwama kwenye tope. Na kijibomba kile cha kioo, ambacho kwa kawaida tulikifungua chini na kukipuliza ili kuthibitisha maji, tulikuwa tumeacha kukigusa juma lile kwa sababu bomba lake la chini lilivuja na tulisubiri mpira wa kuziba. Yaani milango yote ya kujua ilikuwa imefungwa, ukabaki mmoja tu, jicho.

Nilifika mchana kupokea zamu. Goreti alikuwa juu ya ngazi, mrija wake ndani ya dohani, akitazama mashine kwa uso nisioupenda.

“Rama, joto la moshi linapanda,” aliniita. “Linapanda sana. Maji iko sawa?”

Mzee Kasimu ndiye aliyejibu, ametulia, amekaa kwenye kiti chake mbele ya kioo. “Maji iko mingi. Imejaa mupaka juu.”

Nikatazama kioo. Mistari ilikuwa imelala kama alivyoichora. Hata mmoja haukuwa umegeuka.

“Muzee, ni tupu!”

“Imejaa, mi naona imejaa!”

“Ni tupu! Mistari haikugeuka!”

Nilipiga swichi nyekundu kwa kiganja, kichomeo kikanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. Na hapo nilimwona Mzee Kasimu akifanya kitu ambacho nitakufa nikikikumbuka. Hakubishana tena. Aliinuka, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye vali ya maji ya dharura, akaiegemea kwa mgongo na kutandaza mikono yote miwili ili mtu yeyote asiifikie. Mnajua kwa nini. Maji baridi yakigusa chuma kilichokauka motoni yanageuka mvuke kwa mpigo mmoja, na chumba kile chote kingeondoka na sisi.

“Apana mutu kufungua maji!” alipaza sauti. “Goreti, shuka! Rama, toa watu wote upande wa masufuria ya sabuni, mbio! Acha ipoe yenyewe!”

Tuliwatoa watu mpaka barabarani. Yeye alitoka wa mwisho. Tukasimama ng'ambo pamoja na wapika sabuni, tukisikiliza chuma kikilia kinapojikunja kwa kupoa, ka, ka, ka, kama mtu anayevunja vidole. Hakuna aliyeumia. Mabomba kadhaa yalipinda na kuvuja, na kiwanda kililala kwa muda mrefu. Mkurugenzi alikuja akauliza nani alikuwa zamu. Goreti akamwambia boya lilikwama, tangi lilikauka, na bomba la kioo lilikuwa likingoja mpira. Yote yalikuwa kweli.

Kulipopoa, Mzee Kasimu aliniomba nirudi naye ndani, sisi wawili tu. Akasimama mbele ya kioo, karibu sana, pua yake ikikaribia kukigusa.

“Kwangu inaonekana imejaa,” alisema polepole.

“Tazama mistari, Muzee. Haikugeuka.”

Alikodoa macho. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

“Mistari gani?”

Nilichukua mkono wake, nikauweka juu ya kibao, nikapitisha kidole chake juu ya rangi ile iliyokauka na kutuna kidogo, mstari mmoja baada ya mwingine. Aliipapasa yote. Kisha alifuta kidole kwenye tambara, akaondoa ufunguo kwenye mshipi wake, akaniwekea mkononi.

Goreti ndiye aliyeunganisha mambo yote jioni ile, akilia na kuongea kwa pamoja. Ugonjwa wa mtoto wa jicho, alisema, hauji tu kama ukungu. Kwa wengine unakuja kama glasi ya chai iliyokolea, kila kitu kinageuka njano, kisha hudhurungi. Mtu anayetazama dunia kupitia chai huona ndizi kama mawese. Kwa hiyo anafungua hewa, anafungua tena, mpaka unga wa muhogo uonekane ndizi. Mashine ilikuwa imetuambia habari za jicho la mzee kwa miezi, nasi tukaisoma kama habari za mazutu.

Hakurudi kazini. Goreti alimtafutia daktari, akaenda Buyenzi kumwambia, nami nikaenda naye. Mzee Kasimu alitupokea vizuri, mkewe akatupa sambusa, tukazungumza kila kitu isipokuwa hicho. Tulipoaga, alisema, “Jicho ni ya Mungu. Kisu sitaki.” Tulirudi mara nyingi. Kila mara kulikuwa na sababu: mvua, mwezi wa Ramadhani, harusi ya mpwa. Baadaye sana aliniambia ukweli. Kabla hajapasuliwa alikuwa mtu ambaye angeweza kupona. Akipasuliwa na jicho likakataa, angekuwa kipofu tu.

Kilichomgeuza ni Ijumaa moja msikitini. Baada ya swala alimkumbatia mtu akamsimulia kwa kirefu jinsi anavyoikumbuka boila, jinsi anavyoota sauti yake. Yule mtu alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamwambia, “Samahani, Mzee, mimi si Ramadhani. Mimi ni muuza viatu.” Nilikuwa nyuma yao. Niliona uso wake. Juma lililofuata aliniambia nimpeleke kwa daktari.

Jicho la kwanza lilikubali. Siku alipoondolewa bandeji alikaa uani akitazama kanga za mkewe kwenye kamba, akamwuliza kama zote ni mpya. Mkewe akasema zile ni za tangu walipooana. Siku chache baadaye alikuja kiwandani. Boila ilikuwa imetengenezwa na inafanya kazi. Goreti na mimi tulikuwa tumeirekebisha tena. Hakusalimia mtu. Alikwenda nyuma, akainama kwenye tundu, akachungulia muda mrefu.

“Ndizi,” alisema.

Nilidhani atafurahi. Alipoinuka, jicho lake jipya lilikuwa limejaa machozi.

“Rama, ni wapi kote nilienda?” aliniuliza. “Ile miaka ya mwisho. Ni chaudière ngapi nimezifungulia hewa?”

Hapo nikaelewa. Mji mzima ulikuwa unachoma mazutu kwa rangi aliyoiona yeye peke yake. Wanafunzi wake, watu wenye macho mazima, walikuwa wakichungulia unga wa muhogo na kuuita ndizi kwa sababu Mzee Kasimu alisema ni ndizi.

Tukaanza kuzunguka. Mwanzoni Goreti alikuja nasi na mashine yake. Baadaye alipata kazi nje ya nchi akaondoka, na mashine aliyotuachia pua yake ilichoka, nasi hapa hatukupata nyingine. Tukaendelea kwa jicho la mzee, ambalo sasa lilikuwa zuri kuliko langu. Alichungulia, akasema “unga,” akatoa bisibisi. Lakini kabla ya kugeuza skrubu alimwita mwendeshaji, hata kama ni kijana mdogo, akamwambia: “Nilikufundisha vibaya. Jicho yangu ilikuwa inaniongopea, na mi nikakupa uongo wake. Unisamee.” Wengine walicheka kwa aibu. Mwendeshaji wa dobi kule Kinindo alimshika mikono yote miwili asiiachie. Kiwanda cha mikate kilikuwa kimeshahamia kwenye umeme. Hapo mzee alisimama tu mlangoni, akaomba msamaha kwa tanuri lisilokuwapo, mwokaji akampa mkate.

Tulikwenda polepole mno. Nilikuwa na zamu, naye alichoka upesi. Mazutu ilianza kuwa adimu mjini, siku nyingine hakuna basi, na kutoka Buyenzi kupanda vilima kwa miguu hakukumfaa. Palikuwa pamebaki mahali pamoja, hospitali ndogo ya watawa upande wa Gihosha, pale mvuke unapochemsha vyombo vya upasuaji na kufua mashuka. Tulisema tutakwenda baada ya Idi. Idi haikumkuta. Presha ilimwangusha asubuhi, na alasiri tulikuwa tumeshamzika, kama ilivyo desturi yetu. Nilitia udongo wangu nikiwaza Gihosha.

Nilikwenda peke yangu. Mwendeshaji wa pale anaitwa Salvatori, mtu mzima, mnyenyekevu, mwenye chumba cha boila kilichofagiliwa kuliko sebule yangu. Alikuwa ameshasikia msiba. Aliniletea kiti, akanipa pole. Kisha nikachungulia kwenye tundu lake. Unga wa muhogo, mfupi, unanguruma.

Nilimweleza yote, kama nilivyowaelezeni ninyi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipotoa bisibisi, alisogea akasimama kati yangu na kichomeo.

“Apana, Rama.”

“Ni yeye mwenyewe alitaka, Salvatori. Ni wasia wake.”

“We unasema ni wasia. Mi nilimuona apa, kwa macho yangu, akishika iyi skrubu. Akaniambia, iyi usiguse mupaka nikuambie.” Akaweka kiganja juu ya skrubu. “Hajaniambia. Watu walimucheka huko kiwandani kwenu, mi najua. Apa hakuna mutu atamucheka.”

Ningeweza kubishana. Ningeweza kwenda kwa mtawa mkuu. Hewa ya ziada inakula mazutu, haiui mtu. Kama ingekuwa maji au vali ya usalama ningemsukuma kando bila kuomba. Lakini ilikuwa ni hewa tu, na mbele yangu alisimama mtu wa mwisho mjini aliyemwamini Mzee Kasimu bila kupunguza kitu. Nilirudisha bisibisi mfukoni. Nilikunywa chai yake. Nilishuka kilima nikijiambia nitarudi baada ya mwezi, akiwa ametulia.

Nilirudi mara mbili. Mara zote alinipokea vizuri, na mara zote alisimama palepale.

Kisha mazutu ikawa haipatikani kabisa. Kiwanda chetu kilifanya kazi siku moja moja, na ninyi mnajua mengine, mlikuwapo tulipoanza kuzungumzia kuchoma maganda ya kahawa badala yake. Karibu na kustaafu kwangu, Salvatori alinipigia simu akaniomba nipande Gihosha. Nilimkuta chumbani kwake, feni imenyamaza, geji iko kwenye sifuri. Tangi la mazutu lilikuwa limekauka. Uani, wafua nguo walikuwa wameweka masufuria juu ya mafiga, wanachemsha mashuka kwa kuni, moshi umejaa mpaka kwenye madirisha ya wagonjwa, na mtawa mmoja alikuwa akihesabu vyombo vya upasuaji vya kupelekwa mjini kuchemshwa kwa wengine. Upasuaji wa siku ile ulikuwa umeahirishwa.

Tulikaa pamoja mbele ya boila baridi. Aliifuta vumbi lisilokuwapo.

“Rama,” aliniuliza bila kunitazama, “kama ningekuacha ufunge iyi skrubu ile siku, mazutu yetu ingetufikisha leo?”

Nilijua hesabu. Mtu aliyekaa na moto muda wote ule hahitaji karatasi. Ingewafikisha leo, na kesho, na siku kadhaa baada ya hapo. Nilitazama mikono yake, nikawatazama wale wanawake uani waliokuwa wakikohoa juu ya mafiga.

“Isingefika mupaka meli ingine ya mazutu ije,” nilimwambia.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeshukuru. Kisha aliinuka, akavua koti lake la kazi, akaenda uani kuwapasulia kuni.